Bata weusi wa mto, tuwaache kwanza

Bwana Mhariri,

Salamu nyingi toka Katuba. Mi ni msomaji wenu wa miaka mingi, sijawahi kuandika hata siku moja, nilikuwa nasoma tu alafu namwachia jirani gazeti, lakini safari hii nimeshindwa kukaa kimya na naomba barua yangu muiweke hata kama ni ndefu, mkitaka kukata kateni salamu, sehemu ya bata mwenyewe msiiguse.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye basi tunatoka Likasi kurudi hapa Lubumbashi, tukasimama kwenye bariera, kile kizuizi cha barabarani, na kama kawaida wauzaji wakaja mbio kila mmoja na chake, viazi vitamu, karanga, asali ndani ya chupa, na katikati yao kijana mmoja wa miaka 14 au 15 hivi, ana fimbo begani na kwenye fimbo kuna bata wanne wananing'inia, wamefungwa miguu wawili wawili. Watu wa kwenye basi wakaanza kuuliza bei. Mi nilikuwa naangalia rangi. Nikateremka, dereva anapiga honi, nikamwambia ningoje dakika moja tu papa.

Walikuwa bata weusi wa mto. Si bata wa ziwa, si wale wanaopiga filimbi usiku juu ya nyumba, hapana, ni wale wa mtoni wenyewe, weusi wa moshi kama chungu cha bukari, yaani ugali, mgongoni mabaka meupe kama mtu kawanyunyizia unga, na ukifungua bawa unaona kipande cha bluu kinachong'aa kimekaa kati ya mistari miwili myeupe, miguu rangi ya chungwa. Nikamwomba kijana nishike mmoja. Nikapuliza manyoya kutafuta tundu la risasi vile nilivyofundishwa, unapuliza kidogo kidogo toka shingoni unashuka mpaka tumboni, manyoya yanafunguka na ngozi inaonekana. Hakuna tundu. Wa pili, hakuna. Wa tatu alikuwa jike, na nilipofika tumboni nikasimama hapo hapo, kwa sababu manyoya laini ya chini yalikuwa yameng'olewa, ngozi iko wazi ukubwa wa kiganja, na hiyo siyo kazi ya mtu, ni yeye mwenyewe alijing'oa na mdomo wake ili atandikie mayai. Maana yake kuna kiota mahali fulani na mayai yamekwisha kupoa.

Nikamminya koo, kumejaa mahindi. Punje moja ikatoka, imevimba, ina rangi ya zambarau.

"Mwanangu, hawa umewaua na nini?"

"Papa, ni mahindi tu."

"Mahindi gani yanaua bata?"

Akaona kumbe mi si mnunuzi, akaangalia pembeni, lakini ni mtoto mwenye heshima, akanijibu vizuri. "Tunaloweka na dawa ya shamba. Jioni tunamwaga kando ya maji, asubuhi tunaenda kuokota."

Kuokota. Bwana Mhariri hilo neno nimelala nalo siku zote hizi. Watu wanaokota kuni, wanaokota maembe yaliyoanguka. Bata wa mto haokotwi. Mimi bata wangu wa kwanza wa mto nilimpata mwaka wa tatu wa kumtafuta, na ngoja nieleze ilivyokuwa maana vijana wengi wa leo hawajui ni nini kinapotea.

Nilianza kumfuata nkambo, yaani babu yangu, porini 1976, nina miaka 12. Alikuwa na bunduki ya kalibri 12, mitutu miwili, kitako kimefungwa waya wa shaba mahali kilipopasuka, na karatasi zake zote anazikunja ndani ya sashe ya plastiki alafu ndani ya kopo la maziwa. Kijiji chetu kiko kando ya kijito kinachoenda kuingia mto Lufira, jina la kijito silitaji na mtaelewa kwa nini mkifika mbele. Kila mtu pale anaweza kupata bata wa ziwa, unaenda na mtumbwi kwenye matete, unangoja jioni wakirudi mia kwa mia, unapiga kwenye kundi, hata mtu asiyejua kulenga atarudi na kitu. Nkambo alikuwa anasema bata wa ziwa unamwinda na mtumbwi, bata wa mto unamwinda na masikio.

Kwanza hakai kundi. Ni wawili, dume na jike, basi, mwaka mzima utawakuta wawili. Alafu hapendi maji ya kusimama, anataka mto wenye mawe, wenye maji yanayokimbia, na miti imeinama pande zote mbili mpaka mchana ndani ni giza. Jua likiwa juu anajificha chini ya matawi yale yanayogusa maji au kwenye mizizi ukingoni, unaweza kupita mita 3 kutoka alipo usimwone, yeye amekuona tangu zamani. Anatoka kula alfajiri na jioni jua likizama, anazamisha kichwa kati ya mawe anatafuta vijidudu vya majini na kaa wadogo, mara mbegu, mara punje za mahindi zilizoanguka kama kuna shamba karibu, na ndo hiyo ya mahindi hawa watoto wameigundua. Na ukimshtua haruki juu kama bata wengine. Anaruka chini chini, urefu wa goti juu ya maji, anafuata kila kona ya mto kama pikipiki kwenye njia ya porini, hakati kona hata moja, na kwa sababu mto wenyewe unapiga kelele humsikii anakuja, unasikia tu fyuu na amekwisha kupita. Jike analia kwa-kwa-kwa kwa nguvu, dume sauti yake ni kama mtu anayepuliza filimbi iliyoziba, ukimsikia dume ujue uko karibu sana au una bahati sana.

Mwanzoni nilikuwa nabeba tu kartushi, zile risasi zake, na kufunga mdomo. Alafu vita vya Shaba, ndo Katanga ilivyoitwa wakati ule, 1977 na ile ya Kolwezi 1978, watu waliacha kutembea na bunduki porini, askari hawaulizi wewe unawinda nini, kwa hiyo bunduki ikalala kwenye dari muda mrefu. Tulirudi mtoni mwezi wa tano 1979. Mvua zimeisha, maji yameanza kuwa meupe, asubuhi kuna baridi ile ya kwanza ya mwaka na ukungu umelala juu ya mto kama moshi wa makaa. Nkambo akanipa bunduki. Akaniweka chini ya mkuyu mahali mto unapinda, akaniambia lala hapa kifudifudi, usikohoe, mi napanda juu nitashuka nawasukuma.

Nililala mpaka umande ukapenya shati. Kwa mbali nikasikia jike, kwa-kwa-kwa, na kabla sijamaliza kuinua mtutu wamekwisha kutokea kwenye kona, wawili, mmoja nyuma ya mwingine, naona mabawa yanapiga na ule mstari mweupe unawaka na kuzimika, nikapiga, maji yakaruka mita mbili nyuma yao. Walienda zao. Nikakaa chini nikataka kulia, miaka mitatu na nimekosa kwa umbali wa kurusha jiwe.

Nkambo akatokea taratibu, hakugomba. Akasema usiondoke, tia kartushi nyingine, watarudi. Nikamwangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, bata aliyepigiwa bunduki arudi wapi? Akainama akachukua kijiti, akachora mto kwenye mchanga, na kona zake zote, alafu akaukata na mistari kama watu wanavyogawa viwanja. Akasema hapa mpaka pale kwenye mawe makubwa ni kwa hawa wawili. Chini ya mawe ni kwa wengine. Nyumba ya mtu hawaingii. Wataenda mpaka kwenye mpaka wao, watasimama, wakiona kimya watageuka kupitia njia ile ile.

Na walirudi, Bwana Mhariri. Sikupata hata muda wa kuhesabu mia tatu. Safari hii wanapanda mto, kona ile ile, urefu ule ule, na mi nilikuwa nimekwisha kuinuka kwenye goti. Dume ndo alianguka. Alizama, nkambo akaingia kwenye maji na nguo zake akamtoa chini ya mizizi, alikuwa ameshika mzizi na mdomo, yuko chini ya maji amekufa hajaachia. Uzito wake kama kilo moja. Tulikula watu saba, kila mtu kipande kidogo na bukari, na mpaka leo sijala nyama ya ladha ile.

Nimeeleza hivyo vyote kwa sababu ya ule mchoro wa mchangani. Watu wanaomchunguza huyu bata Afrika ya Kusini nao waliona vile vile, kwamba wawili wanashika kipande chao cha mto na kukilinda, wanapigana kabisa na anayeingia. Sasa fikirieni. Bata wa ziwa ukiua kumi kwenye kundi la mia tano, kesho kundi liko pale. Bata wa mto ukiua wawili umemaliza kipande chote, na kama hakuna vijana wasio na mahali pa kukaa ambao watakuja kukijaza, kipande kinabaki tupu. Na yule aliyejua siri ya mpaka, kwamba wataenda na watarudi, anaweza kumaliza mto mzima toka juu mpaka chini kwa wiki moja akiwa na bunduki. Na dawa ni mbaya kuliko bunduki, maana dawa haihitaji ujue siri yoyote. Hailali kwenye umande. Unamwaga unaenda kulala.

Nkambo alijua hilo ndo maana alikuwa na masharti yake. Mto mmoja bata mmoja kwa mwaka, si zaidi. Na tangu mwezi wa sita mpaka mvua zianze hatumgusi, kwa sababu kwetu ndo wakati anaotaga, maji yamepungua na ukingo umekauka. Niliwahi kukanyaga karibu na kiota mwezi wa saba, kilikuwa kwenye takataka za majani makavu ambazo mafuriko yaliziacha juu ya ukingo, mayai 6, chini yake yametandikwa manyoya laini ya kijivu. Jike hakuruka mpaka mguu wangu uko kiasi cha shubiri moja. Anaatamia peke yake karibu mwezi mzima, dume hakalii mayai. Nkambo alipoona akanishika mkono tukarudi nyuma kwa nyayo zetu zile zile, na njia ile tuliifunga, tukawa tunazunguka kwa juu kwenda shambani mpaka mvua ilipokuja.

Sisi watu wa huku tumekulia hadithi ya Mbidi Kiluwe, muwindaji aliyetoka mashariki, mtu mwenye adabu hata akila anajificha asionekane, na mtoto wake Kalala Ilunga ndo akaja kumshinda Nkongolo na kukalia ufalme wa Waluba. Muwindaji kwetu si mtu wa kuua ua tu. Anajua lini asiue. Sheria ya serikali ya kuwinda ilipotoka tarehe 28 Mei 1982 na kudai kibali, nkambo hakulalamika kama wengine, alikuja mjini na kopo lake la maziwa, akapanga foleni siku mbili akapata karatasi. Mi nikafanya vile vile zamu yangu ilipofika. Kwa maisha yangu yote nimeua bata wa mto 9, nawakumbuka mmoja mmoja na kona zao, na tangu 2011 sijaua hata mmoja kwa sababu nilianza kuhesabu na hesabu ilikuwa haipandi.

Najua kuna mtu atasema mzee anaongea juu ya bata na watu wana njaa. Mi sijamlaumu yule kijana na sitaki mtu amtafute. Lakini njaa na dawa ile ni vitu viwili. Dawa za kilimo za namna hiyo zinashika mishipa ya fahamu, mtu anatoka jasho, mate yanamtoka, anatetemeka, kifua kinabana, na akizidisha pumzi inakata. Kuna moja inaitwa karbofurani, iliuzwa sehemu nyingi za Afrika kwa chembe za rangi ya zambarau, Kenya kule Bunyala kwenye mashamba ya mpunga watu waliitumia kuwategea ndege na kuwauza kwa kitoweo, na Marekani mwaka 2009 walikataza mabaki yake yasionekane kwenye chakula hata kidogo. Kama punje niliyoiona ilikuwa hiyo au ndugu yake siwezi kuapa. Lakini bata aliyekufa na punje kooni amekufa nayo, nyama ni ile ile mnayompelekea mtoto nyumbani. Wale wanne waliuzwa, Bwana Mhariri. Nilimwambia mama mmoja aliyekuwa anatoa pesa, mama usinunue, ona hii punje, akaniambia nitaosha na chumvi. Chumvi haitoi dawa. Kupika hakutoi dawa. Nilinunua mmoja yule jike, peke yake ndo nilikuwa na pesa yake, nikamzika nyuma ya nyumba mahali mbwa hawafiki.

Na wanaofanya bei ipande si watu wenye njaa. Kijana aliniambia bata wa mto anauzwa mara tatu ya kuku wa kijiji, na kwamba kuna watu wa mjini wanatuma oda kabisa, wanasema nataka wale weusi wa mto si wengine, kwa ajili ya sherehe. Mnaosoma hii na mmewahi kutuma oda hiyo, nawaomba mtume ya kitu kingine. Mnaagiza kitu kigumu kupatikana bila kujua kwa nini ni kigumu, na kwa sababu ni kigumu mtoto anatumia dawa.

Kuna jambo la pili ambalo linaniuma zaidi ya hata dawa na sijui nani atalisikia. Nilirudi kwenye kijito cha nkambo miaka michache iliyopita. Kule juu wamefungua machimbo, wachimbaji wanaleta mifuko ya mawe ya madini wanaosha kwenye maji kutwa nzima, na kuna kampuni pia sitaji jina. Maji ambayo nilikuwa naona mawe ya chini urefu wa mtu sasa ni mekundu kama chai ya maziwa, ukichota kwenye bidoni ya plastiki asubuhi jioni kuna udongo vidole vitatu. Niligeuza mawe kama kumi. Zamani ukigeuza jiwe unakuta wale vijidudu wenye mikia, wamejishika wengi, na kaa anakimbia pembeni. Nilikuta matope tu, yamepaka jiwe kama saruji. Mkuyu upo. Mawe makubwa ya mpaka yapo. Nilikaa pale toka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu, hakuna kilichopita kwenye ile kona. Bata huyu hawezi kuhamia ziwani akaishi kama wengine, yeye chakula chake kiko kwenye mawe ya maji safi, mto ukiharibika naye amekwisha.

Kwa hiyo vijito vilivyobaki safi ni vichache na ndo maana majina yao siwaandikii hapa. Juu kule kwenye uwanda wa Kundelungu kuna mito ya namna anayoipenda, mto Lofoi wenyewe unaanguka zaidi ya mita 300 na juu yake maji ni kama kioo, lakini hiyo ni parki ya taifa tangu 1970, kule hatuingii na bunduki na ni sawa kabisa.

Ninachoomba si kwamba watu waache kuwinda bata. Mi mwenyewe napenda kuwinda na nikipata afya nitaenda tena. Mwenye kibali aende Tshangalele, lile ziwa lililotokea bwawa la Mwadingusha lilipozuia Lufira karibu na 1930, aulize kwanza kwa wenyeji na kwa ofisi husika wapi panaruhusiwa maana bonde la Lufira UNESCO ililiandika kwenye hifadhi za biosfera, yaani za viumbe na mazingira yao, 1982 na kuna sehemu hazigusiki. Kule kuna wale wa uso mweupe wanaopiga filimbi tatu tatu, kundi linapita juu yako kama soko zima linaongea, kuna bata wa mdomo wa njano, na kuna yule mkubwa mwenye mwiba kwenye bawa ambaye dume anaweza kupita kilo 6, huyo nawaambia naye si rahisi, ana macho, anaweka mlinzi, na ukimjeruhi usimshike kwa bawa ule mwiba utakupasua mkono. Mtu anayetafuta kazi ngumu ataipata kwa huyo. Ila kwenye maji jitahidini kuacha risasi za risasi nyeusi, yaani zile za plombo, bata wanazimeza wakidhani ni changarawe na zinawaua polepole kwa sumu, Ulaya wamezikataza kwenye maeneo ya majimaji tangu Februari 2023. Na nyinyi mnaojaza bunduki za pupu, zile za kienyeji, kwa vipande vya plombo vya betri za gari, ni kitu kile kile.

Lakini wale weusi wa mto, wawili wawili, tuwaache. Sisemi milele. Nasema mpaka tuone wamerudi kwenye kona walizotoka. Ukiwa mtoni umewaona wameruka chini chini wamekupita, teremsha mtutu, kaa hapo hapo usubiri, watarudi tena mbele yako na utawaona mara mbili bila kutumia kartushi. Niliwahi kumpeleka mjukuu wangu kuwaona hivyo, ana miaka 9, nilimchorea mpaka kwenye mchanga na kijiti vile nilivyochorewa, na walipogeuka kurudi alinishika mguu kwa nguvu na hakusema neno mpaka tumefika kijijini.

Na kwa ofisi za kilimo na mazingira za hapa kwetu, naomba mtu mmoja tu apite kwenye maduka ya dawa za shamba aangalie nani anauziwa nini. Kijana wa miaka 14 hapaswi kuondoka dukani na dawa ile ndani ya sashe isiyo na jina.

Kwako Bwana Mhariri nina ombi moja. Watu wengi wanaonunua hawajui kutofautisha bata huyu na wengine, kwao bata ni bata. Nina picha mbili nzuri alizopiga mjukuu kwa simu, moja inaonyesha mabaka ya mgongoni na nyingine bawa limefunguka ile bluu inaonekana, zote ni za bata walio hai. Nitazileta ofisini kwenu Alhamisi asubuhi. Mkiziweka ukurasa wa nyuma, wa rangi, watu wa bariera wataziona, kwa sababu wao ndo wanafungia karanga kwenye gazeti lenu.

Muwindaji wa Katuba,
Lubumbashi